Bertilla na Pazia la Kanga

Saa mbili asubuhi, upepo wa Juni hapa Sumbawanga hauna adabu. Bertilla Ignasi anafungua mzigo wa mitumba sokoni, vidole vimekufa ganzi. Anauza sidiria tu. Nyuma ya meza ametundika kanga kuukuu; ukitaka kujaribu, unaingia huko.

Anaingia binti kutoka Msanzi, Zita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kabla hujavaa, pitisha vidole kwenye ziwa, polepole, mpaka kwapani. Kuna kitu kigumu?"

Zita anacheka kwa aibu, lakini anapitisha. "Hakuna, mama."

"Haya. Na mwezi ujao tena, nyumbani."

Ndivyo Bertilla anavyouza tangu biashara huria iliporuhusiwa na mitumba ikajaa mpaka huku Rukwa. Katika miaka mitatu ya karibuni, hadi huu wa 1998, amewahimiza wanawake kumi na mmoja kwenda hospitali. Wawili walikutwa na saratani. Wapo wanaomnunia pia: mwanamke gani huyu anayeuza nguo huku akitaja magonjwa?

Hayo hakuyasoma kitabuni. Mdogo wake, Leonia, alikuwa mkulima wa ulezi pembeni mwa Izia. Uvimbe ulipomtokea ziwani, ukoo mzima ukasema ni maziwa yameganda, ingawa mtoto alikwisha kuachishwa kunyonya mwaka mzima kabla. Na dawa yake kwao inajulikana: ugali wa ulezi, wa moto, unafungwa kwenye kitambaa na kukandiwa asubuhi na jioni.

"Nilimkanda mimi, kwa mikono hii, miezi minane," anasema Bertilla. "Ngozi inaungua, uvimbe unakua, nami namwambia jikaze mdogo wangu. Mungu anisamehe."

Daktari alipomwona Leonia, ugonjwa ulikwisha kufika kwenye mapafu. Msibani wakasema amekufa kwa homa. Bertilla alikuwepo, akanyamaza.

"Watu wanadhani saratani ni ya ziwa tu. Iko ya kizazi, ya koo, ya damu, hata ya jicho kwa mtoto mdogo. Nyingine ni adimu mno, jina lake hujapata kulisikia. Kitu usichokielewa kikikaa mwilini wiki tatu, nenda kapimwe."

Anapoulizwa kama naye hujipima, anakunja sidiria moja, anaikunjua, anaikunja tena.

"Niliukuta wakati wa Kwaresma," anasema hatimaye. "Mdogo, kama punje ya hindi."

Na akafanya nini? Alisonga ugali wa ulezi. Akafunga mlango, akajikanda, yeye mwenyewe anayewaonya wenzake.

"Niliogopa. Basi tu, niliogopa."

Jumatatu anapanda lori la mizigo kwenda Mbeya kupimwa. Dereva Yonas amemwekea nafasi mbele. Akilazwa kwa matibabu, anatumaini kurudi kabla ya mvua za Novemba. Meza itabaki na bintiye, Jenifer, ambaye tangu jana anauliza awaambie nini wateja. Aseme mama amefuata mzigo?

"Hapana," Bertilla anamjibu. "Waambie mama ana uvimbe, ameenda hospitali. Kisha waambie wapitishe vidole."