Chai Nisiyoionja

Ijumaa ya kwanza ya Mei, 2014. Vumbi tangu asubuhi, jua limefifia kama sahani isiyooshwa, upepo wa moto.

Leo nimegombea uenyekiti wa umoja wetu wa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi huku Uarabuni, mtaa wa Satwa, mwanamke wa kwanza kujaribu. Nimeshindwa. Shule niliishia darasa la nane, sijui kama naandika sawasawa, lakini nisipoandika nitamtukana mtu.

Niligombea kwa sababu moja: simu. Umoja una simu ambayo dada wa kazi za nyumbani hupiga wakifungiwa ndani au wakinyimwa chakula. Anakaa nayo mwenyekiti, dereva wa teksi, na mara nyingi haipokelewi. Nisimwonee. Dereva hawezi kupokea simu kila saa akiwa na abiria, na msichana aliyefariki Al Quoz, ni yeye aliyehangaika mpaka mwili ukafika kwao. Lakini haipokelewi.

Desturi yetu, mgombea huwaletea watu chai. Nilitoka kanisani, maana sisi Wamormoni hapa tunasali Ijumaa, siku ya mapumziko, nikaja na chupa mbili kubwa za chai ya maziwa na tangawizi hadi chumba cha nyuma cha fundi cherehani, tunapokutania. Nikawamiminia. Kikombe changu kilikuwa cha maji.

"Dada, mbona wewe hunywi?" akauliza mlinzi mmoja Mganda.

"Dini yetu hatunywi chai wala kahawa."

"Majani ya chai yamemkosea nini Mungu?" Watu wakacheka, hata mimi nikacheka. "Ama umetutilia dawa ya kura?"

Hapo vikombe vikaanza kurudi mezani. Mama mmoja wa Kizanzibari, mtu mzima ninayemheshimu, akaniinamia. "Mwanangu, onja tone tu uwatoe shaka. Mungu hatokukasirikia kwa tone."

Kwa kuogopa siwalaumu. Kwetu, mama hampi mgeni kikombe kabla hajaonja mwenyewe. Desturi hiyo naijua, ila sikuifikiria, la sivyo ningeleta juisi. Lakini yule mlinzi tuko zamu moja kazini, kwenye maghorofa ya Jumeirah Lakes Towers, mwaka wa pili huu ananiona nakunywa maji wenzangu wakinywa chai. Alijua, na bado akasema. Hilo ndilo linaniunguza.

Sikuonja. Mikono ikainuliwa, mwenyekiti akabaki. Kisha akasema huku anatabasamu, "Dada tumpe kamati ya vyakula."

"Sitaki vyakula. Nipe simu."

"Simu? Chukua, mama. Khalas, basi tena, inaninyima hata usingizi."

Akaisukuma katikati ya vikombe vilivyojaa. Watu wakapiga makofi, kana kwamba amenifadhili. Pengine kweli amenifadhili, pengine mimi ni mtu wa kinyongo tu. Lakini cheo kimebaki kwake na kazi imekuja kwangu, na hakuna hata mmoja aliyeona aibu.

Jioni chumbani tumekula ugali, dagaa wa kukaanga na kachumbari. Wenzangu walikula wa moto. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimenawa simu ikalia, msichana analia, madam wake amemfungia jikoni, na nilipomaliza kuongea naye nikala ugali wangu umepoa, dagaa wamebaki vichwa.