Njia Iliyoitwa ya Keynan

Hirsi Dagane alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali mjini Garissa. Kwa miaka kumi na minane alipeleka barua kwa baiskeli yake nyeusi, na hakuna aliyeujua mchanga wa mji ule kumshinda. Alijua mahali gurudumu huzama na mahali miiba ya miti ya mathenge hutoboa mpira. Kutoka mtaa wa Bulla Iftin hadi hospitali alilazimika kushuka na kuisukuma mara tisa.

Mwaka wa tisini na mbili alifanya jaribio. Alichota udongo wa mfinyanzi kando ya mto Tana, akauchanganya na mchanga na samadi ya ng'ombe, akaushindilia mbele ya nyumba yake, hatua thelathini hivi. Baiskeli ilipita juu yake bila kuyumba. Akawaendea majirani, mmoja mmoja. "Tukifanya hivi hadi sokoni, mji mzima utaendesha." Wakamcheka. "Nunua punda, Hirsi," walimwambia.

Miaka sita ikapita. Mvua kubwa za El Nino zilipokwisha, barabara zilikuwa zimekatika na magari ya abiria yakaacha kuingia mitaani. Ndipo akaja Keynan, mwalimu kijana aliyehamishwa kutoka Masalani. Siku moja baada ya sala ya Alasiri alisimama nje ya msikiti, akasema wagonjwa wanateseka, watoto wanachelewa shule, kwa hiyo tutengeneze njia ya baiskeli kwa mikono yetu, kutoka Bulla Iftin hadi hospitali. Hakuzungumza hata dakika kumi. Asubuhi yake watu zaidi ya mia walifika na majembe.

Hirsi naye alifika. Alisimama pembeni akiwatazama majirani walewale waliomcheka, sasa wanaimba huku wakikata mathenge. Mkewe, Qali, alikuwa miongoni mwa wanawake waliobeba udongo wa mtoni kwa karai. Alirudi nyumbani amechafuka hadi viwikoni, anang'aa kwa furaha.

"Keynan anasema tutafika hospitali kabla ya mwezi kuisha," alisema. "Keynan anasema hata wasichana watafundishwa kuendesha."

"Na mimi nilisema nini?" Hirsi aliuliza.

"Wewe ulisema kwa watu wawili watatu, ukanuna. Yeye amewaita wote."

Neno hilo lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Tangu siku hiyo alikoma kwenda. Kila alipopita na barua zake aliwasikia watu wakisema "njia ya Keynan". Alitamani mvua inyeshe. Alitamani kijana yule apate uhamisho mwingine, hata kama ni Banissa, mbali kule mpakani.

Mvua haikunyesha. Siku ya tisa ya kazi Hirsi alimwendea mzee Korane, ambaye mbuzi wake walikatiza njia ile mpya kila siku kwenda mtoni. Akamwambia kwamba njia ile itazungushiwa ua wa miiba, mbuzi wasipite tena. Huo ulikuwa uongo mtupu.

Korane hakuuliza mtu. Asubuhi iliyofuata aliswaga kundi lote juu ya udongo uliokuwa bado mbichi, akalirudisha, akalipitisha tena. Watu walipofika walikuta kazi ya siku tatu imekuwa matope yaliyojaa kwato. Hakuna aliyeimba. Qali aliketi juu ya karai lake akalia, na Hirsi, aliyesimama mbali akiishika baiskeli, alimwona.

Alikuwa amedhani atafurahi. Alitafuta ile furaha moyoni, hakuiona.

Akarudi kwa Korane. "Mzee, hakuna ua. Nilikudanganya."

Korane alishika fimbo yake akasimama. "Umeniharibia jina kwa watu wangu. Hutanieleza mimi peke yangu. Twende ukaseme kule."

Wakaenda. Hirsi alikiri uongo wake mbele ya watu wote. Mtu mmoja alimtukana. Wengine waligeuza nyuso. Keynan akauliza, kwa heshima anayopewa ami, "Kwa nini, adeer? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea," Hirsi alijibu. "Niliyaona haya kabla yako. Hawakunisikiliza. Wewe walikusikiliza."

Alivua viatu, akaingia kwenye matope, akaanza kuyasawazisha. Wengine wakaendelea na kazi mbele, wakamwacha peke yake. Qali hakusema naye kwa siku nne. Siku ya tano alimletea birika la chai na kumwambia kwamba udongo wa mbele unapasuka ukikauka. Hirsi alikwenda, akawaonyesha kipimo cha mchanga na samadi, naye Keynan akauliza maswali mengi na kuandika kila kitu.

Njia ilifika hospitali baada ya wiki saba. Siku ya kwanza baiskeli arobaini zilipita, mbili zikiendeshwa na wasichana. Watu walimbeba Keynan juu juu. Hirsi alipiga makofi pamoja nao, na kifuani bado kulikuwa na kitu kinachouma. Alikizoea. Miaka iliyobaki ya kazi yake alipeleka barua kwa njia hiyo bila kushuka hata mara moja, na kila mvua ilipoibomoa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika na udongo.