Hukumu za Shangazi Naomi kwa Kila Kanda Mpya

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitambaa chenye unyevu hunirudisha kijijini kwetu Lukozi, msimu wa baridi nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Ukungu ulishuka mapema, ukafunika mashamba ya kabichi, na sisi watoto tulikimbilia chumba cha ushonaji cha shangazi Naomi, mdogo wake baba, kuota moto. Kwake kulikuwa na joto, na kulikuwa na redio kaseti. Wanawake wengine wa kijijini walipenda kwaya na taarabu; shangazi alipenda muziki wa roki. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Kanda mpya zililetwa na binamu yetu Yona, dereva wa lori la mboga, kila aliporudi kutoka Tanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone: siku hiyo cherehani ilinyamaza. Shangazi aliisikiliza albamu nzima, upande wa kwanza hadi wa pili, kisha akatoa hukumu. Kiingereza alikijua kidogo, hivyo alihukumu kwa sikio. Kuhusu mwimbaji mmoja, alisema anapiga kelele kama aliyekanyagwa kidole, lakini hana uchungu wowote moyoni. Albamu nyingine, alisema, ina nyimbo mbili za kweli na nyingine za kujazia kanda. Lakini ikija moja ambayo gitaa lake lilipanda taratibu, kama lori lenye mzigo kwenye kona za mlima wa Soni, alifumba macho, na wateja walijua magauni yao hayataisha siku hiyo.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Kilutheri. Wazee wa kanisa walimlalamikia kwamba nyumbani kwa dada yake kunapigwa muziki wa shetani, na mabinti wa kwaya wanakwenda kuusikiliza. Walimtaka akazichukue kanda zile azichome. Alasiri moja aliingia akiwa na kikapu kitupu. Shangazi alimwamkia shikamoo, akakiona kikapu, akaelewa. Nilidhani atalia. Badala yake alimpangusia benchi.

“Kaka,” alisema, “ungekubali kwaya yako ihukumiwe na mtu ambaye hajaisikia? Sikiliza hii moja mpaka mwisho, kisha uzichukue zote.”

Baba aliketi, koti halijafunguliwa kifungo. Wimbo wa kwanza aliusikiliza akiangalia mlango. Kufikia wa tatu, kidole chake kilikuwa kinagonga goti. Shangazi aligeuza kanda. Ilipokwisha, baba alimgeukia shangazi.

“Wa nne ni mzuri,” alisema. “Ila mpiga ngoma anakimbia, na mwitikiaji anaimba chini ya sauti.”

Shangazi alikasirika kuliko kama angezichoma. Albamu ile alikuwa ameisifia soko zima. Walihamia kwenye Kishambaa, lugha ya ugomvi wa nyumbani kwetu, wakabishana mpaka mkaa wa pasi ukawa majivu. Baba aliondoka na kikapu kitupu. Wazee walipomuuliza, aliwajibu kwamba ameusikiliza muziki wenyewe, na tatizo lake ni mpiga ngoma. Walinung’unika, lakini hawakurudi tena. Tangu hapo, kila lori la Yona liliporudi, baba alikumbuka kifungo cha kushonewa. Mama alisema hajawahi kuona mashati yakipukutisha vifungo namna ile.

Baba tumekwisha kumzika. Siku hizi albamu hunifikia kwenye simu, hapa Dodoma, saa ileile inapotoka; huisikiliza nikipika, nikifika wimbo wa tatu nimeshahamia nyingine. Nina muziki mwingi kuliko Yona alivyoweza kupakia kwenye lori lake. Likizo iliyopita nilipanda Lukozi, nikamwekea shangazi albamu mpya niliyokuwa nikiisifia kwa miezi. Aliisikiliza yote, akasema haina roho. Nilimpinga. Alinipinga. Tuliirudia, wimbo kwa wimbo, chai ikipoa mbele yetu, ndipo nikagundua kwamba albamu ile nilikuwa sijaisikia hata siku moja.