Wiki Saba za Kungoja Simu ya Ruiru

Ile chupa ya maji ilikuwa yangu au ya yule mama aliyekuwa akinihoji? Swali hilo lilininyima usingizi. Kiwanda kimoja cha Ruiru kilitafuta karani wa stoo, nami na digrii yangu nikaketi mbele ya watu watatu. Niliona chupa mezani, nikaifungua, nikanywa. Yule mama aliitazama, kisha akaandika kitu. Waliponiaga walisema, "Tutakupigia."

Nyumbani Kiganjo nilimwambia mama kwamba wamesema watanipigia. Yeye alisikia nimepata. Jumapili akasimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu amefungua mlango, binti yake anaingia kazini. Watu wakapiga makofi. Nilitaka kumvuta nguo aketi. Sikumvuta. Nilijiambia, wakipiga simu kesho nitakuwa nimemwaibisha bure.

Kesho yake hawakupiga. Niliwaandikia barua pepe kuuliza kama wameamua, halafu nyingine kuomba msamaha kwa ile ya kwanza. Kimya. Nikawa naogopa hata kuoga, simu isije ikalia nikiwa na sabuni masikioni.

Jumapili zikawa adhabu. Mwenyekiti wa akina mama alinishika mkono mlangoni mwa kanisa.

"Chai ya kazi mpya tunakunywa lini? Ama umeamua kutunyima?"

"Bado kidogo," nikasema. Mama alikuwa kando yangu, akitabasamu.

Wangeniambia hapana, ningelia siku mbili nikamaliza. Lakini hawakusema lolote, na mimi nikaendelea kudanganya kwa niaba yao.

Wiki ya saba nilikwenda Ruiru bila kumwambia mtu. Askari wa lango alinikumbuka.

"Madam, si ni wewe ulikuja na faili nyekundu?"

"Ni mimi. Nataka tu kujua nilikosea wapi."

"Hiyo nafasi ilipata mtu kitambo. Ako ndani saa hii, anapokea mizigo."

"Mbona hawakutuambia?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Hawa hupigia wale wamechukua. Nyinyi wengine mnajiambia wenyewe."

Nilimsihi aniitie mtu wa ofisini. Alipiga simu ya kibandani, akasikiliza, akairudisha polepole. "Wanasema uangalie barua pepe."

Niliangalia palepale. Hakukuwa na kitu. Nikaegemea ukuta wa kiwanda na kulia huku malori yakinipita. Sababu ya kunikataa ilikuwa mle ndani, na hakuna ambaye angeinuka kitini kuniletea.

Nilimpigia mama.

"Mami, wamepiga?" akaniuliza kabla sijamsalimu.

"Mama, sikupata ile kazi. Sikuwahi kuipata."

Nilisikia kuku uani kwetu. "Na mimi nilishasimama mbele ya watu," akasema.

"Najua. Nilipaswa kukuambia siku ile ile."

Nikakata, na kabla sijaanza kufikiri tena, nikampigia mwenyekiti wa akina mama, nikamweleza yote, ili mama asilazimike kuyasema yeye.