Aliyechagua mbegu

Juzi, kwenye ofisi ya kilimo, mama mmoja wa Kigombe aliweka mahindi mawili mezani: moja nene, jingine dogo, maganda yamelifunika hadi nchani. Afisa kijana alikuwa akiandikisha mbegu za asili.

"Shikamoo mama. Mbegu ni hili," akasema, akiligonga lile nene.

Mama akalipukuchua. Ukamwagika unga, akatoka na mdudu mmoja mweusi.

"Yote yalikaa darini tangu mavuno. Hilo fukusi wamelila. Hili dogo wameliacha, ndilo nipandalo."

"Kwa hiyo unachagua yenye maganda ya kubana?"

"Mie sichagui, mwanangu. Wanaochagua ni fukusi."

Kwenye fomu, penye jina la aliyechagua mbegu, kalamu ya afisa ilisita, kisha akaandika la mama. Mchaguzi mwenyewe alikuwa bado anatambaa pale mezani, akitafuta pa kutokea.