Kinyozi, Njiwa na Paka wa Mama Mkwe

Mtaa mzima ulimwita Mikasi, hata baada ya yeye kuhamia kwenye mashine za umeme na mikasi kubaki ya kupunguzia masharubu ya wazee. Alinyolea watu kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Palikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, benchi la wanaosubiri, na redio ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ukipita mlango wa nyuma unaingia jikoni, na ukitoka jikoni unatokea bustanini. Huko bustanini ndiko ilikokuwa roho yake.

Bustani yenyewe haikuwa kubwa. Kulikuwa na nyanya kidogo, vitunguu, tangi la maji juu ya matofali, na banda la njiwa la mbao alilolitengeneza mwenyewe na kuliegemeza ukutani. Asubuhi kabla ya kufungua kazi alifungua mlango mdogo wa banda, njiwa wakamiminika, wakazunguka juu ya mabati ya majirani, naye akawa amesimama na kikombe cha chai shingo juu mpaka chai inapoa. Mkewe, aliyekuwa mpokezi katika kliniki ya meno, aliwahi kumuuliza anaona nini huko kila siku.

"Wateja nikiwamaliza wanaondoka," alimjibu. "Hawa wanaondoka halafu wanarudi."

Tabu ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Ng'ambo ya ukuta aliishi mama mkwe wake, na mama mkwe alikuwa na paka. Sio paka mmoja wa kulalia mkeka. Alianza na mmoja, huyo akaleta jamaa zake, na kila aliyefika alipewa sahani. Mkubwa wao alikuwa dume la rangi ya chungwa, sikio moja limechanika, tumbo limetangulia. Alitembea juu ya ukuta taratibu kama mtu anayekwenda kufungua mkutano, na watu walimwita Mheshimiwa.

Muda mrefu Mheshimiwa alitazama tu. Kisha asubuhi moja Mikasi akakuta manyoya chini ya banda, na njiwa jike wa kijivu aliyekuwa ameatamia mayai hayupo. Mayai yalikuwa baridi. Dume lake lilikuwa juu ya paa, halishuki hata lilipotikisiwa kopo la mtama. Mikasi alisimama pale mpaka mteja wa kwanza akaanza kubisha hodi. Siku hiyo hakuwasha redio.

Angekuwa jirani mwingine yeyote, angemfuata wakamalizana. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Tangu aoe, Mikasi hakuwahi kupandisha sauti mbele ya yule mama, wala kukaa kabla hajaambiwa akae. Jioni alioga, akavaa shati la kutokea, akazunguka mpaka mlango wa mbele wa mama mkwe wake, maneno ameyapanga vizuri kichwani.

Mkewe alikuwa anamsubiri jikoni.

"Umemwambia?"

"Tumeongea."

"Mmeongea nini?"

"Bomba lake la jikoni linavuja. Nitakwenda kulirekebisha kesho."

Mkewe alimtazama, akaendelea kukatakata vitunguu. Kwa heshima ya mumewe, alicheka kimoyomoyo.

"Nimwambie mimi?" aliuliza.

"Hapana. Mama yako ataona nimekutuma umshitaki. Paka nitawazuia mwenyewe, kimyakimya."

Ndivyo vita vilivyoanza. Kwanza alisambaza maganda ya machungwa kuzunguka banda, kwa kuwa alisikia paka hawapendi harufu yake. Mheshimiwa aliyanusa, akayavuka. Akaja na pilipili ya unga. Upepo ukageuka, pilipili ikaingia kwa dirisha la jikoni, familia ikala chakula cha jioni huku wote wanalia kama waliofiwa. Akapanga chupa za maji ukutani ziwe zinametameta. Paka wakajifunza kupita katikati ya chupa bila kuangusha hata moja, na wapita njia wakaanza kuuliza kama anauza mafuta ya taa.

Kisha dereva wa lori, mteja wake wa siku nyingi, akamwambia kwamba kwao walifukuza wanyama shambani kwa nywele za watu. Mnyama akinusa mtu, hasogei. Mikasi alimtazama kama aliyefunguliwa dirisha. Nywele! Kitu alichokuwa anafagia kila siku na kukitupa.

Akaweka gunia nyuma ya kiti. Kila kichwa kilipokwisha, alifagia nywele kwa uangalifu na kuzitia guniani. Macho ya wateja yalikuwa yanalifuata lile gunia kwenye kioo. Mwisho fundi seremala, mtu wa wasiwasi hata siku ya kawaida, akashindwa kuvumilia.

"Fundi, nywele zangu zinakwenda wapi?"

"Bustanini."

"Zinakwenda kufanya nini bustanini?"

"Zina kazi."

Hapo Mikasi alikosea. Angesema paka, mambo yangeishia hapo. Lakini kusema paka ilikuwa kumtaja mama mkwe, na yeye alikuwa ameapa kutomtaja. Fundi seremala aliomba gazeti, akazifunga nywele zake zote, akaangalia chini ya kiti kama kuna zilizobaki, akaondoka nazo kwapani. Kabla ya wiki kuisha kila anayekuja kunyolewa alikuja na mfuko wake. Wengine hawakuja kabisa. Benchi la wanaosubiri likabaki linasubiri lenyewe.

Na paka je? Mikasi alitoka mchana mmoja akamkuta Mheshimiwa amejikunja katikati ya zile nywele alizozimwaga kuzunguka banda, amelala fofofo. Alikuwa amepata godoro.

Habari za mtaani hazina mlango zisioingia. Siku moja kinyozi ameegemea kiti chake kitupu, pazia likafunuliwa, akaingia mama mkwe. Hakuwahi kuingia pale hata siku moja. Mikasi aliruka kama askari, akatafuta cha kumkalisha, akakuta hakuna zaidi ya benchi na kiti chenyewe. Yule mama akajikalia kwenye kiti cha kunyolea, akaweka mkoba mapajani.

"Mkwe," alisema, "naambiwa unakusanya nywele za watu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naambiwa unakusanya nywele za watu."

Hapakuwa na pa kukimbilia. "Ni kwa ajili ya paka, mama."

"Paka wepi?"

"Paka wa... wa upande ule."

Mama mkwe alimtazama kwenye kioo. "Kwa hiyo ndivyo unavyowavutia."

"Kuwavutia?"

"Nilijua tu. Mheshimiwa anarudi kwangu ananuka poda ya kinyozi. Chakula hamalizi. Nikasema, huyu mkwe wangu hana hata haya, anawahonga paka wangu mmoja mmoja. Ukaja kwangu siku ile umevaa vizuri, nikajua umekuja kukiri. Ukarekebisha bomba. Nikanyamaza, nikasema basi, kama anawapenda."

 Mikasi alivuta benchi, akakaa bila kuambiwa. Kisha akamweleza yote: manyoya chini ya banda, mayai yaliyopoa, lile dume lililokaa juu ya paa bila kula. Alipofika kwenye dume, alijifanya anakohoa.

 Mama mkwe alifungua mkoba, akaufunga tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ni mama yangu. Ningeanzaje?"

"Ungeanza hivihivi ulivyoanza sasa." Akashuka kitini. "Nipeleke nikaone."

Bustanini alizunguka banda, akatazama ukuta, akatazama tangi la maji. Aliwajua paka wake kama mama anavyojua nani kati ya wanawe ndiye aliyegusa sukari. Akanyoosha kidole.

"Umewajengea ngazi. Kutoka ukutani wanashukia juu ya tangi, kutoka kwenye tangi wanafika bandani. Hata mimi na magoti yangu haya ningefika."

Mikasi alitazama. Lile tangi alilipandisha pale mwenyewe, akaona fahari siku ile maji yalipotiririka bila pampu.

Kazi waliifanya pamoja. Mikasi alihamisha banda katikati ya bustani, juu ya mlingoti wa chuma, na fundi bati akauvika mlingoti koni ya bati laini iliyotazama chini, mahali ambapo kucha hazishiki. Juu ya ukuta walifunga wavu. Mikasi alikuwa anaukaza, mama mkwe akamzuia.

"Usikaze. Acha ulegee, uinamie huku kwangu. Paka haamini kitu kinachotikisika chini yake."

Wakapatana kuhusu saa pia. Njiwa waliporuka asubuhi, paka walikuwa ndani kwa mama mkwe wanakula. Sahani zikiisha, njiwa walikuwa wamekwisha kurudi, na paka wamelemewa na usingizi. Na Mheshimiwa alivishwa kengele shingoni. Alikaa nayo siku nzima uso umenuna, akitembea hatua moja na kusimama kusikiliza nani anamfuata.

Hakukubali kushindwa kirahisi. Alasiri moja Mikasi alikuwa anamalizia kidevu cha dereva wa lori, akasikia kengele, akasikia wavu unachakarika, kisha kishindo cha kitu kizito upande wa pili.  Halafu sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta.

"Mkwe! Ameanguka."

Mikasi alikimbilia mlango wa nyuma, wembe mkononi. "Ameumia?"

"Ameumia heshima tu. Ameangukia beseni la nguo."

Dereva wa lori, povu limemjaa kidevuni, alisikia watu wawili wanacheka, kila mmoja upande wake wa ukuta, wala hakuna aliyekuwa na haraka ya kuacha. Ni yeye aliyekwenda kuwaeleza watu gunia lile lilikuwa la nini. Mtaa ulicheka majuma kadhaa, na benchi likajaa tena. Fundi seremala alirudi wa mwisho, na mfuko wake mfukoni, ila hakuutoa.

Miezi ilipita. Ikatokea Mikasi na mkewe wakaalikwa harusi ya ndugu mji mwingine, safari ya kulala huko. Mikasi hakuwahi kuwaacha njiwa. Alikuwa tayari kubaki, mkewe aende peke yake, lakini mama mkwe akasema atawaangalia yeye. Mikasi alimwonyesha mtama, maji, namna ya kupiga mluzi wa kuwaita. Mama mkwe akasema kupiga mluzi hajui na hataanza uzeeni. Harusini watu walicheza, yeye akawa anatazama mawingu.

Waliporudi hakupitia hata chumbani. Alivuka jikoni na begi lake begani, akasimama mlangoni. Njiwa walikuwa chini wote, wamemzunguka mama mkwe kwenye kigoda, kopo la mtama mapajani. Mmoja alikuwa amesimama juu ya kandambili yake. Alikuwa anazungumza nao kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwambia mweupe mmoja aache kuwasukuma wenzake, kila mtu atapata.

"Shikamoo mama. Tumerudi."

"Marahaba. Mmerudi mapema."

Mikasi akaweka begi chini, akanyoosha mkono apokee kopo. Mama mkwe hakulitoa.

"Subiri," alisema. "Bado hatujamaliza."

Mikasi akakaa kwenye ngazi ya mlango, akasubiri.