Mzee Tulia na sisimizi wa waridi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Tulia amepiga goti mbele ya mwaridi uani kwake, kamera imebanwa kwenye jicho la kulia. Upepo unapita, tumba linatikisika, naye anazuia pumzi.

"Tulia," analiambia ua, kama anavyowaambia wateja kwa miaka thelathini na mmoja. Jina lake la utani limetoka hapo.

Kazi yake ni picha za pasipoti, katika kibanda chenye kiti kimoja na pazia jeupe. Maua ndiyo mapenzi yake. Kila asubuhi hupiga picha moja tu ya tumba lile lile, mpaka lichanue.

"Ukijiruhusu mbili, jicho linafanya uvivu," anasema.

Lakini mwezi huu hamalizi dakika bila kufuta lenzi. Ukungu hautoki.

"Utaitoboa hiyo," anasema mkewe, fundi cherehani, akitoka na chai.

"Ina vumbi."

"Vumbi gani? Inang'aa kuliko sahani zangu."

Juzi mteja alimrudishia picha yake. "Mzee, huyu ni mimi au mzimu wangu?" Walicheka wote wawili, ila usiku ule Mzee Tulia hakupata usingizi. Wateja kumi na wanane wa siku wamebaki saba.

Mkewe anainama karibu na ua. "Baba watoto, hapa juu kuna sisimizi wangapi?"

Anatazama kwa muda mrefu. "Hakuna sisimizi."

"Wapo watatu, mume wangu."

Chai inapoa. Mzee Tulia anafungua mkoba wa kamera, anatoa kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne. Imekaa mle wiki tano. Daktari aliandika mtoto wa jicho, na tarehe ya upasuaji: Alhamisi hii.

"Na hukusema?"

"Niliogopa. Wakikosea, nitabaki nawaambia 'tulia' watu nisiowaona."

"Na usipokwenda?"

Kadi anaiweka mezani kando ya chai, haikunji tena.

Kwa hesabu yake, waridi litachanua Jumamosi, siku ya kufunguliwa bandeji. Picha ya Ijumaa amemwachia mkewe. "Moja tu, na usiliharakishe," amemwonya.

Ya Jumamosi ataipiga mwenyewe. "Nitaanza na wale sisimizi," anasema, akifuta lenzi kwa mazoea. "Na asinitajie mtu idadi. Nitawahesabu mimi."